Mapitio ya kimfumo ya tafiti kuhusu madhara ya vichafuzi vya kemikali kwa viumbe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanawalenga wanafunzi, watafiti na watumishi wa mamlaka za mazingira wanaotakiwa kusema, kwa ushahidi unaoonekana, kama kemikali fulani inadhuru viumbe majini, ardhini au angani, na inawadhuru kwa kiasi gani.

Mapitio ya kimfumo ni nini, na yana tofauti gani na mapitio ya kawaida ya machapisho?

Ni utafiti kamili ambao data zake ni tafiti za wengine. Katika mapitio ya kawaida mtaalamu husoma anachokifahamu, huchagua anachokiona kina uzito, kisha hutoa hukumu yake. Huenda akawa sahihi kabisa, lakini msomaji hawezi kujua ni makala zipi aliziacha na kwa sababu gani. Katika mapitio ya kimfumo kila uamuzi huandikwa: ulitafuta wapi, siku gani, kwa maneno gani, ulikataa nini na kwa kigezo kipi. Mtu mwingine akizifuata hatua hizo anapaswa kufika karibu na pale ulipofika wewe.

Mbinu hii ilikomaa kwanza kwenye tiba, ambako shirika la Cochrane lilianzishwa mwaka 1993. Upande wa mazingira, miongozo inayotegemewa zaidi hutolewa na Collaboration for Environmental Evidence, ambayo jarida lake limekuwa likichapisha mapitio ya aina hii tangu 2012.

Je, haitoshi kusoma makala kumi zilizo bora?

Haitoshi, kwa sababu zile kumi ulizozisikia hazikukufikia kwa bahati tu. Utafiti uliogundua kwamba samaki wanakufa huchapishwa kwa urahisi na kutajwa sana. Ule uliokuta kwamba hakuna kilichotokea hubaki kwenye kabati, au hutoka kwenye ripoti ambayo haipo kwenye hifadhidata za majarida. Ukijumlisha kilichochapishwa pekee, athari huonekana kubwa kuliko ilivyo. Upendeleo wa upande wa pili upo pia: ripoti za majaribio zilizoandaliwa kwa ajili ya kusajili kiuatilifu huwa nyingi, zina mpangilio mzuri, na mara nyingi hupima mambo machache yaleyale.

Halafu kuna wingi wa kemikali zenyewe. Hesabu ya orodha za usajili kutoka nchi na kanda 19, iliyochapishwa mwaka 2020, ilikuta kemikali na michanganyiko zaidi ya 350,000 iliyosajiliwa kwa ajili ya kutengenezwa na kutumiwa. Hakuna mtaalamu anayeweza kuubeba ushahidi wa hata sehemu ndogo ya hizo kichwani mwake.

Swali la mapitio linaundwaje?

Wengi hutumia muundo wa PECO, wenye sehemu nne: kundi la viumbe, kuathiriwa na kemikali, ulinganisho, na matokeo yanayopimwa. "Je, kiuagugu kiitwacho atrazini ni kibaya kwa vyura?" si swali linaloweza kujibiwa. Lakini hili linajibika: viluwiluwi wanaokulia kwenye maji yenye atrazini, kwa ukolezi unaopatikana kweli kwenye mazingira, wakilinganishwa na viluwiluwi wa maji yasiyo na atrazini, huwa na ukubwa gani wanapogeuka kuwa vyura?

Sehemu ya nne, yaani matokeo, ndiyo inayoharibu mapitio mengi. Mwaka 2010 Jason Rohr na Krista McCoy walichapisha uchambuzi wa tafiti za atrazini kwa samaki wa maji baridi na amfibia. Hawakupata ushahidi thabiti kwamba kiuagugu hicho huwaua moja kwa moja. Lakini kilipunguza ukubwa wa amfibia wakati wa kugeuka umbo, au karibu na wakati huo, katika tafiti 15 kati ya 17 na katika spishi zote 14 zilizochunguzwa, na kilipunguza tabia ya kujihadhari na wanyama wawindaji katika tafiti 6 kati ya 7. Mtu ambaye angeuliza kuhusu vifo peke yake angeandika kwamba hakuna tatizo, na angekuwa na tafiti za kumtetea. Chura mdogo asiyekimbia adui hafi ndani ya tangi la maabara. Hufa akiwa nje, mahali ambapo hakuna anayehesabu.

Kwa hiyo orodhesha matokeo yako kabla ya kusoma: vifo, ukuaji, uzazi, tabia, kinga ya mwili, homoni. Kama utaacha mojawapo, eleza kwa nini.

Itifaki ni lazima? Na inasajiliwa wapi?

Kwa maoni yangu ndiyo hatua yenye thamani kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Itifaki ni maelezo ya swali, mahali pa kutafuta, vigezo vya kujumuisha na kuondoa tafiti, namna ya kupima ubora, na namna ya kuunganisha matokeo, yote yakiwa yameandikwa kabla hujaona jibu. Ukishaona kwamba tafiti tano zinavuruga picha uliyoitarajia, ni rahisi mno kugundua kasoro ndani yake. Si lazima uwe mdanganyifu. Akili ya kila mtu hufanya hivyo, hata ya mtafiti mwadilifu.

Sajili ya PROCEED ya Collaboration for Environmental Evidence inapokea itifaki za mazingira. PROSPERO, ambayo wengi huikimbilia, imeundwa kwa ajili ya afya ya binadamu, hivyo mapitio kuhusu konokono wa baharini hayana nafasi huko. Pia unaweza kuiweka itifaki kwenye Open Science Framework, ambako itapata tarehe isiyobadilishika. Ukilazimika kubadili kitu baadaye, badili, lakini andika ulichobadili na sababu yake.

Natafuta kwa maneno gani?

Hapa ndipo sumu za mazingira zinapotofautiana na tiba, na panahitaji subira.

Anza na namba ya CAS, yaani namba ya utambulisho ya kemikali. Atrazini ni 1912-24-9, glaifoseti ni 1071-83-6, DDT ni 50-29-3. Namba haina lahaja wala jina la biashara. Hata hivyo makala nyingi haziitaji, kwa hiyo ongeza jina la kemia, majina ya kawaida, vifupisho, na majina ya bidhaa. Usisahau mazao ya kuoza kwake. DDT ikishaingia mwilini hugeuka DDE, na DDE ndiyo iliyofanya maganda ya mayai ya ndege wawindaji kuwa membamba. Wembamba huo Derek Ratcliffe aliuonyesha mwaka 1967 kwa kupima mayai yaliyohifadhiwa kwenye makusanyo ya zamani. Aliyetafuta "DDT" peke yake atakosa sehemu kubwa ya kisa hicho.

Kisha majina ya viumbe. Mwani wa kijani unaotumika kwenye maabara dunia nzima uliitwa Selenastrum capricornutum, ukawa Pseudokirchneriella subcapitata, na sasa ni Raphidocelis subcapitata. Trauti wa upinde wa mvua alikuwa Salmo gairdneri hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, sasa ni Oncorhynchus mykiss. Utafutaji unaotumia jina la leo tu hufuta makumi ya miaka ya majaribio bila kukuonya.

Jaribu maneno yako kwa kutumia makala ambazo tayari unajua zinapaswa kupatikana. Zisipotokea, tatizo ni maneno yako. Tafuta kwenye hifadhidata zaidi ya moja, tafuta ripoti za serikali na tasnifu, na kama timu yako ina watu wanaosoma lugha nyingine, watumie. Kuondoa kila kisicho cha Kiingereza ni uamuzi wenye gharama, nao unapaswa kutajwa waziwazi.

Hifadhidata ya ECOTOX si imeshafanya kazi yote?

Imefanya kazi kubwa, na ni ya bure. Inaendeshwa na shirika la mazingira la Marekani, EPA, na ina rekodi za majaribio zaidi ya milioni 1 kuhusu kemikali zaidi ya 12,000. Ningeianza kila mara. Lakini inakusanya majaribio ya kemikali mojamoja, kwa hiyo swali la michanganyiko halijibiwi humo. Pia kila rekodi ni muhtasari, na kabla ya kuipa uzito ni lazima urudi kwenye makala yenyewe.

Nimepata makala elfu nne. Sasa?

Ondoa zinazojirudia. Soma vichwa na muhtasari, kisha makala kamili kwa zile zilizobaki. Watu wawili wachuje bila kuonana, angalau kwenye sehemu ya makala, halafu mpime makubaliano yenu kwa kappa, kipimo cha takwimu cha maafikiano kati ya watu wawili, na mjadili mlipotofautiana. Tofauti hizo mara nyingi zinaonyesha kigezo kisichoeleweka, wala si uzembe wa mtu. Katika hatua ya makala kamili, andika sababu ya kukataa kila moja. Mchoro wa mtiririko wa idadi hizo hutengenezwa kwa kufuata mwongozo wa kuripoti wa PRISMA wa 2020, au ROSES, ambao uliundwa mahsusi kwa mapitio ya mazingira.

Ubora wa utafiti unapimwaje?

Kwa miaka mingi wadhibiti walitumia mfumo wa Klimisch wa mwaka 1997, unaogawa tafiti katika makundi manne: ya kuaminika bila masharti, ya kuaminika kwa masharti, isiyoaminika, na isiyoweza kuainishwa. Ni wa haraka. Kasoro yake ni kwamba hauelezi kwa kina namna ya kufikia uamuzi, na huupa upendeleo utafiti uliofuata mwongozo rasmi wa maabara hata pale ambapo utafiti wa chuo kikuu umepima jambo la maana zaidi. Mwaka 2016 ulichapishwa mfumo wa CRED, wenye vigezo 20 vya uaminifu na 13 vya umuhimu kwa swali linaloulizwa. Mimi ningechagua CRED kwa tafiti za viumbe wa majini, kwa sababu unakulazimisha kutenganisha mambo mawili: jaribio lilifanywa vizuri, na jaribio linahusu swali langu. Utafiti unaweza kupita moja na kuanguka jingine.

Mambo ninayoyaangalia kwanza ni haya. Je, ukolezi wa kemikali ulipimwa ndani ya maji, au ni kile kilichokusudiwa tu? Kemikali zisizopenda maji hung'ang'ania kioo cha tangi, nyingine hupaa hewani, nyingine huoza kwa mwanga. Mtafiti anaweza kuandika mikrogramu 100 kwa lita wakati samaki waliogelea kwenye 20, na hapo sumu itaonekana dhaifu mara tano kuliko ilivyo.

Je, kundi la ulinganisho lilikuwa na afya? Mwongozo namba 203 wa OECD, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, wa jaribio la saa 96 kwa samaki, hauruhusu vifo vinavyozidi asilimia 10 kwenye kundi hilo. Na kama kemikali iliyeyushwa kwanza kwa asetoni au kiyeyushi kingine, pawepo kundi la pili lenye kiyeyushi hicho peke yake.

Je, marudio ni ya kweli? Samaki 20 ndani ya tangi moja si marudio 20, kwa sababu wote wanashiriki maji yaleyale na ajali zilezile. Stuart Hurlbert alilieleza kosa hili mwaka 1984, na bado lipo kwenye makala za leo.

Epuka kujumlisha alama za ubora kuwa namba moja. Kasoro ndogo tano si sawa na kasoro moja inayoangusha jaribio zima.

Tafiti zilizofadhiliwa na watengenezaji wa kemikali ziondolewe?

Hapana. Zipime kwa vigezo vilevile, rekodi mfadhili kama data nyingine yoyote, kisha uchunguze kama matokeo yanatofautiana kulingana na mfadhili. Sheria ya Ulaya kuhusu viuatilifu, Kanuni 1107/2009, imechukua njia ya kupanua: mwombaji anayeleta majaribio yake mwenyewe anatakiwa pia kuleta machapisho huru ya kisayansi ya miaka 10 iliyotangulia maombi. Mwaka 2011 EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, ilitoa mwongozo wa namna ya kuyatafuta na kuyachagua.

Lazima nifanye metaanalisisi?

Si lazima. Metaanalisisi, yaani kuunganisha matokeo ya tafiti nyingi kwa takwimu, inafaa pale tafiti zinapopima kitu kinachofanana kwa namna inayolinganishika. Wanaikolojia mara nyingi hutumia logi ya uwiano kati ya wastani wa kundi lililopewa sumu na wastani wa kundi la ulinganisho, pamoja na modeli inayokubali kwamba athari halisi hutofautiana kutoka utafiti hadi utafiti. Spishi, joto la maji na muda wa jaribio vinapotofautiana hivi, kudhani kwamba kuna athari moja ya kweli ni kujidanganya.

Makala moja inaweza kutoa namba 30: ukolezi tano, siku tatu, vipimo viwili. Namba hizo ni ndugu. Ukizihesabu kama tafiti 30 huru, makala hiyo itameza mapitio yote. Tumia modeli yenye ngazi, au chagua kipimo kimoja kwa kanuni iliyomo kwenye itifaki.

Angalia pia vipimo. Mikrogramu na miligramu huchanganywa. Metali iliyoyeyuka hutofautiana na metali yote iliyomo majini. Baadhi ya makala za tributilitini, kiambata chenye bati, hutoa uzito wa bati, nyingine uzito wa kiambata kizima. Hakikisha kama mistari ya makosa kwenye grafu ni mkengeuko sanifu au kosa sanifu, kwa sababu ukikosea hapo uzito wa utafiti hubadilika mara nyingi.

Data zisipoungana, eleza kwa maneno na majedwali yaliyopangwa. Kuhesabu mwelekeo wa athari kunakubalika ikiwa unasema wazi ndicho ulichofanya. Kisichofaa ni kuhesabu tafiti "zilizopata" na "zisizopata" athari kwa kigezo cha umuhimu wa kitakwimu. Utafiti mdogo wenye matangi machache hukosa umuhimu huo hata sumu ikiwa kali.

Matokeo ya maabara yanatuambia nini kuhusu ziwa au bahari?

Machache kuliko tunavyopenda, ndiyo maana tafiti za nje zisitupwe kwa sababu tu hazina usafi wa maabara. Kati ya 2001 na 2003 watafiti nchini Kanada waliongeza homoni ya vidonge vya kuzuia mimba, ethinilestradioli, kwenye Ziwa 260 la eneo la majaribio la Ontario, kwa nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita. Samaki wadogo wa aina ya fathead minnow walikaribia kutoweka ziwani humo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Ziwa lilikuwa moja tu, na orodha ya ubora inayothamini idadi ya marudio ingelipa alama ndogo. Lakini hakuna jaribio la tangi ambalo lingeonyesha jamii nzima ya samaki ikiporomoka. Ninapendekeza tafiti za maabara na za nje zichambuliwe kando, kisha ziulizwe kama zinasema jambo moja.

Mapitio yataniambia kiwango salama?

Yatakupa malighafi ya kukikadiria. Kama tafiti ni chache, wadhibiti wa Ulaya huchukua thamani ya chini kabisa na kuigawa kwa namba ya tahadhari: 1,000 kama kuna majaribio ya muda mfupi tu kwa mwani, dafnia (viumbe wadogo wa maji baridi wa jamii ya kamba) na samaki, hadi 10 kama kuna ya muda mrefu kwa ngazi zote tatu za lishe. Data zikiwa nyingi, angalau thamani 10 za muda mrefu kutoka makundi nane ya viumbe, huchorwa mgawanyo wa uwezo wa spishi kuhimili sumu na kutafutwa ukolezi unaogusa asilimia 5 tu ya spishi.

Sikupata utafiti wowote wa madhara. Niandike kwamba kemikali ni salama?

Kamwe. Andika kwamba haijachunguzwa, na utaje ni kwa makundi gani ya viumbe.

Tumbusi wa Asia Kusini wanatosha kueleza sababu. Katika miaka ya 1990 walianza kufa kwa wingi, na spishi mojawapo ilipungua kwa zaidi ya asilimia 99 nchini India. Mwaka 2004 chanzo kilitangazwa baada ya uchunguzi uliofanyika Pakistan: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa mifugo, iliyobaki kwenye mizoga na kuharibu figo za ndege hao. India, Pakistan na Nepal ziliizuia kwa mifugo mwaka 2006. Kabla ya hapo, ushahidi kuhusu diklofenaki na tumbusi haukuwepo kabisa, na ukimya huo haukumaanisha usalama. Isitoshe, tumbusi wa Amerika aitwaye Cathartes aura alipojaribiwa baadaye alihimili dozi zaidi ya mara 100 ya ile inayoua nusu ya tumbusi wa Asia. Mapitio yaliyojaa data za ndege mmoja wa maabara hayana haki ya kuzungumza kwa niaba ya ndege wote.

Ndiyo maana jedwali la mapengo, linaloonyesha kemikali kwa upande mmoja na makundi ya viumbe kwa upande mwingine, linastahili nafasi sawa na grafu ya athari. Mara nyingi ndilo linaloamua utafiti gani ufadhiliwe.

Huchukua muda gani? Naweza kufanya peke yangu?

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 kutokana na mapitio ya mazingira yalitoa wastani wa siku 164 za kazi ya mtu mmoja. Peke yako ni vigumu, hasa kuchuja na kupima ubora. Mwanafunzi mwenye muda mfupi afinye swali: kemikali moja, kundi moja la viumbe, matokeo mawili. Au atengeneze ramani ya ushahidi, inayoonyesha nini kimechunguzwa na wapi, bila kukadiria ukubwa wa athari. Ila ajue kwamba ramani ya mada pana inaweza kuchukua muda mrefu zaidi.

Programu za kompyuta zinasaidia?

Ndiyo. CADIMA na Rayyan hurahisisha uchujaji wa pamoja. Mashine inayojifunza inaweza kupanga makala zenye uwezekano mkubwa zije mwanzo. Usiiachie kutoa namba kwenye majedwali bila mtu kuzihakiki moja baada ya nyingine.

Mapitio yakishachapishwa yanadumu?

Inategemea kasi ya uwanja. Chukua 6PPD-kwinoni, inayotokana na kinga ya mpira wa matairi inapokutana na ozoni, na ambayo huwaua samoni aina ya coho mvua inaposafisha barabara kuingia mitoni. Makala ya kwanza, iliyotoka Desemba 2020, ilitoa ukolezi unaoua nusu ya samaki kuwa takriban mikrogramu 0.8 kwa lita. Mwaka 2022, baada ya sampuli safi ya kupimia kupatikana, timu ileile ilirekebisha hadi nanogramu 95 kwa lita, yaani sumu kali takriban mara nane zaidi. Samoni aina ya chum, jamaa wa karibu, hakuonyesha kuathirika hivyo. Mapitio yaliyofunga utafutaji mwaka 2021 yana namba ambayo waandishi wake wenyewe wameshaiacha. Taja tarehe ya mwisho ya utafutaji kwenye muhtasari, hifadhi maneno ya utafutaji na data ghafi mahali pa wazi, na kabla ya kunukuu thamani yoyote angalia kama makala yake imesahihishwa.